Ng'ambo ya Kisiwa: Jinsi Mji Ulivyoleta Maradhi ya Sukari Likoni, Kisauni na Changamwe

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Mombasa na watu 1,208,333. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, walikuwa ng'ambo: 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni, 216,577 Nyali, 163,415 Jomvu na 131,882 Changamwe. Katika kila wakazi 8 wa Mombasa, 7 hulala nje ya kisiwa. Kadi za posta huonyesha Ngome ya Yesu na pembe za Barabara ya Moi, lakini mji ulio hai, unaozaa, unaogombania matatu alfajiri na kuuguza wazee wake usiku, uko Bofu, Mtopanga, Mikindani na Chaani.

Mji huo unaugua sukari. Zamani si nyingi maradhi haya yalisemwa kuwa ya matajiri, ya wenye magari na maduka. Leo yamo katika vyumba vya kupanga, kwa mama anayeuza viazi karai, kwa bawabu, kwa dereva wa tuktuk ambaye hajafika miaka 40. Kila mgonjwa anapopewa dawa hupewa na nasaha zile zile: punguza sukari, acha mafuta, fanya mazoezi. Nasaha hizo ni za kweli na daktari hana budi kuzitoa. Ila zinamwachia mgonjwa peke yake mzigo ambao mji mzima ulimtwika, na mji huo una historia: reli, gati, daraja, kivuko na hati za ardhi. Historia hiyo ndiyo nitakayoifuata hapa, kwa sababu naamini bila kuijua tutaendelea kuwalaumu mama zetu kwa mahamri yao na kuyaacha yaliyowafikisha hapo.

Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu Mombasa kwa wingi wa chakula: kondoo, kuku, mtama, mchele, machungwa matamu na machungu, malimau, makomamanga, mboga na maji mazuri. Kisiwa kidogo kama kile hakikuweza kujilisha peke yake, kilitegemea ng'ambo. Wenyeji wenyewe wana asili huko. Katika Thelatha Taifa, makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, jina la Changamwe lingali linajieleza. Na katika Tisa Taifa, makabila tisa mengine, wamo Wajomvu na Wamtwapa. Upande wa Likoni walikuwa Wadigo, na kaskazini na magharibi Wamijikenda wengine, waliobadilishana nafaka, asali na mifugo kwa nguo na bidhaa za jahazi.

Karne ya 19, chini ya ukoo wa Wamazrui na kisha, kuanzia 1837, chini ya masultani wa Zanzibar, mashamba yalitanda Kisauni, Changamwe na Likoni: minazi, miembe, mtama, mawele, mihogo, kunde. Nisiipambe picha hii. Waliolima mengi ya mashamba hayo walikuwa watumwa, na njaa ilipopiga pwani iliua. Hata hivyo, kwa jambo tunalolizungumza, maisha yale yalikuwa na sifa mbili ambazo mwili wa binadamu umezizoea kwa maelfu ya miaka. Chakula kilikuwa kizima, chenye kapi lake na nyuzi zake, na hakuna aliyekipata bila jasho. Sukari yenyewe ilikuwepo; Pangani, kusini mwa hapa, ilisifika kwa mashamba ya miwa katika karne hiyo hiyo. Lakini kwa watu wa kawaida utamu ulikuwa wa arusi, wa Idi na wa mgeni. Halua ilipimwa kwa kipande, na kahawa iliyoteremshwa nayo ilikuwa tungu.

Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Freretown, upande wa Kisauni, makazi ya watumwa waliokombolewa baharini. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa kwetu 1907. Walioachwa huru walibaki juu ya ardhi waliyoilima bila kuimiliki, na mwaka mmoja tu baadaye, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za mwambao. Waliojua kuandikisha madai yao, matajiri wa mjini wengi wao, walipata hati. Mijikenda wengi, na waliokuwa watumwa, hawakupata. Msomaji ataniuliza: hati za ardhi za 1908 na sukari ya damu ya leo vinakutania wapi? Vinakutania uwanjani, kwenye kijia cha miguu, kisimani na jikoni. Nitarudi hapo.

Reli ndiyo iliyoanza kugeuza kazi ya mwili. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, njia ikavuka Makupa hadi Changamwe na kufika Kisumu 1901. Katikati ya miaka ya 1920 gati za maji ya kina zilifunguliwa Kilindini, na Mombasa ikawa mlango wa Kenya na Uganda. Bandari ilihitaji watu wengi kwa siku moja na wachache siku ya pili, kwa hiyo ikawaajiri kwa kibarua: unaitwa leo, unalipwa leo, kesho Mungu anajua. Walitoka Ukambani, Taita, Nyanza, Giriama na Digo. Vyakula vya kwao na mboga za shambani vilibaki nyumbani. Mjini walikula posho, yaani unga wa mahindi uliokobolewa, pamoja na chai ya sukari pale shilingi ilipopatikana. Lakini hata hivyo hawakuugua sukari kwa wingi, na sababu yake ni rahisi. Kuli anayepandisha gunia begani tangu asubuhi hadi magharibi huichoma ile posho yote. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari ya damu. Inapofanya kazi huivuta sukari hiyo hata insulini ikiwa kidogo.

Madaktari wa enzi hiyo waliona jambo hilo bila kuelewa litakavyogeuka. Mwaka 1929 C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika miaka miwili hakumkuta hata mmoja aliyemtambua kuwa na shinikizo la damu. Sukari nayo ilihesabiwa kuwa nadra kwa Waafrika, na wako waliodhani ni jambo la damu na asili. Asili haikubadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni mahali watu wanapoishi.

Uhamaji kwenda ng'ambo ulikuja kwa hatua. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931, kivuko cha Likoni kikaanza 1937. Kisiwani vyumba vilijaa na kodi zikapanda, na hasira ya makazi na mishahara ililipuka katika migomo, mkubwa kuliko yote ukiwa ule wa Januari 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000 waliusimamisha mji kwa siku 12 na Chege Kibachia akatokea kuwa kiongozi wa chama chao. Mgomo mwingine wa bandarini ulizuka 1955. Serikali ya kikoloni, kwa kuogopa umati wa vibarua wasio na makao, iliamua kupunguza kibarua na kuwa na wafanyakazi wa kudumu wenye nyumba na familia. Nyumba hizo zilijengwa zaidi Changamwe, karibu na reli na gati. Mtaalamu Richard Stren, ambaye kitabu chake cha 1978 kuhusu siasa za nyumba za maskini Mombasa bado kinafaa kusomwa, alieleza jinsi sera ilivyokimbizana na watu bila kuwafikia. Nyumba za serikali zilikuwa chache; waliobaki walijijengea.

Walijijengea juu ya ardhi ya mwingine. Mombasa ina desturi yake ya nyumba bila ardhi: mwenye shamba anakukodisha kiwanja, nawe unainua nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Majengo ya kisiwani yalikua hivyo, kisha Likoni, Kisauni na pembezoni mwa Changamwe. Katika nyumba ya mwanzo ua ulikuwa na jiko, kisima au pipa la maji, mpapai, pengine kuku. Lakini mtu asiye na hati hapangi mtaa, anaziba nafasi. Kila mpangaji mpya aliyekuja alipunguza ua wa mwenzake kwa chumba kimoja. Hakuna aliyetenga njia pana, wala kiwanja cha mpira, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutenga. Ule upungufu wa hati wa 1908 ukageuka vichochoro vya Ziwa la Ng'ombe na Mshomoroni tunavyopita leo kwa ubavu.

Baada ya uhuru mji ulifura. Mwaka 1962 Mombasa ilikuwa na watu 179,575. Mwaka 1979 wakawa 341,148. Mwaka 1999 walifika 665,018. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kimeshaanza 1954, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kikaanza kazi 1963. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980 mashamba ya Kisauni yakaanza kugeuka viwanja, na hoteli za Bamburi na Shanzu zikavuta wapishi, wafuaji na mabawabu. Miritini, Mikindani na Chaani zilipata miradi ya viwanja na maji kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na hapo ndipo unapoona bado mitaa iliyonyooka kuliko jirani zake.

Wakati huo huo bandari ilikuwa ikiacha mabega ya watu. Kontena zilichukua nafasi ya magunia, kreni zikachukua nafasi ya makuli. Ni jambo jema kwa migongo yao. Hakuna anayetamani babu yake arudi kubeba kilo 90. Lakini mji ambao watu wake waliunguza chakula chao kwa kazi sasa ulikuwa na watu wanaokaa: kwenye lori, kwenye kibanda cha mlinzi, kwenye duka la M-Pesa, kwenye cherehani ya kiwanda cha nguo. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na katika muda mfupi bodaboda na tuktuk zikamfikisha kila mtu mlangoni kwake. Safari ya robo saa ya kwenda sokoni kwa miguu ikafa. Chakula nacho kikageuka. Mizani ikalemea upande mmoja: kinachoingia mwilini kilizidi kinachotoka.

Majirani zetu wa Tanzania walilipima jambo hili mapema. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wa vijiji vya Tanzania: aliyekuwa na sukari hakufika hata mtu mmoja katika 100. Baadaye uchunguzi mwingine ulilinganisha Ilala, katikati ya Dar es Salaam, na kijiji cha Shari huko Kilimanjaro. Ilala waliougua walikuwa karibu 6 katika kila 100, wanaume kwa wanawake. Shari walikuwa 1.7 kwa wanaume na 1.1 kwa wanawake. Watafiti wengine wakawafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuhama na mwaka mmoja baadaye. Mwaka mmoja tu ulitosha kupunguza mwendo wao na kuongeza uzito wao. Kenya nayo, utafiti wa Kibera, Nairobi, uliochapishwa 2013 ulikuta sukari kwa watu 5.3 katika 100, wakati takwimu ya taifa zima ya 2015, kwa watu wa miaka 18 hadi 69, ilikuwa 1.9. Kibera si mtaa wa matajiri. Ni mtaa wa watu waliohama, kama Likoni.

Hebu sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo lawama nyingi hutupwa. Familia ya watu watano katika chumba kimoja Majengo Mapya, jiko la makaa mlangoni. Chungu cha maharagwe au kunde hutaka saa mbili za makaa na lita kadhaa za maji. Maji ya chemchemi za Mzima yaliyoletwa kwa bomba mwaka 1957 yalipimwa kwa mji mdogo wa siku hizo. Leo mkazi wa Likoni au Kisauni huchota kisima chenye maji ya chumvi, au hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Kwa mtu huyo, chapati mbili na chai kutoka kwa jirani ni rahisi kuliko kupika: hazimlii makaa, maji wala muda. Unga wa ngano na mafuta ya mawese yanayozikaanga hushushwa hapo hapo Kilindini, meli kwa meli, mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na huuzwa rejareja kwa kupimwa kikombe kwa kikombe. Mchicha, mtsunga na kisamvu, ambavyo bibi zetu walivichuma nyuma ya nyumba, sasa havina pa kuota. Soko la Kongowea limejaa mboga na matunda kutoka Taita, Loitokitok na Tanzania, lakini mama wa Shika Adabu lazima avuke maji, apande matatu mbili na arudi na mzigo. Atanunua nyanya mbili kibandani na kuendelea na maisha.

Natetea chakula cha pwani. Mbaazi za nazi, samaki wa mchuzi, muhogo wa kuchemsha na maembe havikutufikisha hapa. Mama karanga, anayenunua samaki wadogo ufukweni na kuwauza kichochoroni, amelisha watoto wa Mtongwe protini bora kuliko duka lolote la kisasa. Tatizo ni mafuta yanayorudiwa karaini mara nyingi kwa kuwa ni ghali kumwaga, na kwamba vyakula vya sherehe, mahamri, kaimati, sambusa, vimegeuka vya kila siku huku vyakula vya kila siku vikigeuka vya sherehe. Tazama meza ya futari katika mwezi wa Ramadhani, uhesabu vilivyokaangwa na vilivyotiwa sukari. Kisha tazama baraza za vijana jioni: muguka hutafunwa pamoja na soda, peremende na njugu, na soda hiyo hunywewa kwa saa nyingi mfululizo. Kaunti ilipopiga marufuku muguka Mei 2024 na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, mabishano yote yalikuwa juu ya majani. Soda iliyokuwa kando yake haikutajwa.

Kivuko cha Likoni ni mahali pa kutazama mtaa unavyoumba mwili. Mara nyingi hutajwa kwamba watu wapatao 300,000 huvuka kwa siku, wa miguu bila kulipa. Kwa bahati kivuko kimewatunzia watu wa Likoni jambo ambalo Kisauni imelipoteza: lazima utembee. Unateremka mteremko, unasimama, unapanda wa ng'ambo ya pili hadi stendi. Mara mbili kwa siku, miaka nenda miaka rudi, hiyo ni tiba. Lakini mji haukuitunza tiba hiyo. Njia imebanwa na magari, kivuli ni haba, msongamano unatisha, na wazee wenye magoti mabovu huona afadhali wasivuke. Hofu ya maji nayo ina sababu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa, na hadi leo wako wasiotaka kuikanyaga feri. Pande zote mbili za kivuko, mtu aliyechoka na foleni hukutana kwanza na chipsi, viazi karai, soda baridi na biskuti. Machungwa na mihogo ya kuchoma vipo pia, na ningependa kaunti iwape wauzaji wake nafasi bora yenye kivuli, bila ada. Ni jambo dogo, lingefanyika kwa mwezi mmoja.

Hofu ina kazi yake katika maradhi haya. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na fujo zilizofuata ziliua zaidi ya watu 100 na kuwahamisha makumi ya maelfu. Chini ya fujo hizo palikuwa na siasa, na chini ya siasa palikuwa na ardhi. Shamba la Waitiki la Likoni, lenye ekari 930, lilisubiri hadi Januari 2016 ndipo maelfu ya waliokuwa wakiishi juu yake wakapewa hati. Kisauni nayo imeteswa kwa miaka na magenge ya vijana wenye mapanga. Mwambie mwanamke wa Mlaleo atembee nusu saa kila siku kabla ya jua kuchomoza, ndiyo saa pekee yenye baridi, naye atakuuliza kama wewe utamsindikiza. Hata viwanja vilivyokuwepo vilimezwa. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi, na Mombasa ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia. Hatua chache kutoka Kongowea, ndani ya Nyali, wakazi hukimbia asubuhi chini ya miti, kwenye barabara tulivu zenye walinzi. Bawabu anayewafungulia lango anatoka zamu ya usiku, anarudi Kisauni kulala mchana chini ya bati la moto, na kukosa usingizi wa usiku kwa miaka ni moja ya mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya sukari.

Changamwe ina balaa jingine: hewa. Malori yanayongoja bandari, mitambo ya umeme ya Kipevu inayochoma mafuta mazito, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi kwa miaka 50 kabla ya kusimama 2013. Tumezoea kusema moshi ni wa kifua. Utafiti wa dunia uliochapishwa 2018 katika jarida la Lancet Planetary Health ulikadiria kuwa chembe ndogo za hewa chafu zilihusika na visa vipya vipatavyo milioni 3.2 vya sukari katika mwaka 2016 pekee. Chembe hizo huingia damuni, huleta uvimbe wa ndani na kuufanya mwili usiisikie insulini. Mtoto wa Magongo hakuichagua hewa hiyo.

Atatokea wa kusema kwamba maskini hukaa mitaa mibaya na pia huugua, kwa hiyo labda umaskini ndio unaougua, mtaa hauna kosa. Swali hilo lilijibiwa mbali na hapa. Sweden, kati ya 1987 na 1991, iliwapangia wakimbizi mitaa ya kuishi bila wao kuchagua. Watafiti waliwafuata 61,386 kati yao kwa miaka mingi: waliowekwa mitaa yenye dhiki kubwa, 7.9 katika 100 walipata sukari; waliowekwa mitaa yenye nafuu, 5.8. Marekani, kuanzia 1994, familia za mitaa fukara kabisa katika miji mitano ziligawiwa kwa kura nafasi ya kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Zaidi ya miaka 10 baadaye wanawake wa familia hizo walipimwa, na waliopata nafasi hiyo walikuwa na sukari na unene wa kupindukia kwa kiwango cha chini. Watu walikuwa wale wale, waliotenganishwa na kura. Tofauti ilikuwa mtaa.

Utajiri peke yake nao hauokoi. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wana jamaa Mombasa na Zanzibar, walitoka katika umaskini hadi barabara za lami na magari katika kizazi kimoja. Kati ya Waomani wa miaka 30 hadi 64, walioathirika na sukari walikuwa 12.2 katika 100 mwaka 1991, na 16.1 mwaka 2000. Mji uliojengwa kwa gari na kiyoyozi huugua hata ukiwa na fedha.

Liko jambo moja linalonihuzunisha kuliko mengine. Wanasayansi Nicholas Hales na David Barker walitoa rai mwaka 1992 kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mama yake huzaliwa na mwili uliojiandaa kwa njaa. Akija kukutana na shibe ukubwani, hatari yake ya kuugua sukari huongezeka. Fikiria mama wa Ganze au Kinango aliyebeba mimba mwaka wa ukame, na mwanawe aliyekuja Kisauni kutafuta kazi akiwa na miaka 20. Ndiyo maana kliniki za Afrika Mashariki huwaona wagonjwa wembamba wasiofanana na picha za mabango, na ndiyo maana wengi wao hugunduliwa wakiwa wamechelewa, mguu umeshaoza au macho yamefifia. Takwimu ya taifa ya 2015 ilionyesha kuwa karibu 88 katika kila 100 ya Wakenya wazima hawakuwahi kupimwa sukari hata siku moja.

Hilo la kupima lina dawa karibu. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba yenye kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu. Mhudumu wa mtaa wako yupo. Mwite nyumbani, hasa kwa aliyepita miaka 40, kwa mama aliyepata sukari akiwa mjamzito, na kwa yule anayekunywa maji mno na kuamka usiku mara kwa mara. Kama mkoba wake hauna vijiti vya kupimia, hilo ni la kumwuliza mwakilishi wa wadi, kwa jina, mbele ya watu.

La mji ni gumu zaidi, lakini halijapita wakati. Barabara ya Dongo Kundu sasa imeiunganisha Miritini na Likoni bila kupitia kivukoni, na eneo maalumu la viwanda linajengwa kando yake. Mashamba ya Mtongwe na Shika Adabu yatageuka mitaa katika miaka michache, kama Kisauni ilivyogeuka baada ya daraja la 1980. Safari hii viwanja vya kuchezea, vijia vyenye kivuli, mabomba ya maji na masoko ya mboga vichorwe na kuandikishwa kwa hati ya umma kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa, kwa maana baada ya hapo hakuna atakayebomoa nyumba ya mtu ili watoto wapate pa kukimbilia. Wagombea wa 2027 watapita milangoni mwetu Likoni, Kisauni na Changamwe. Kila mmoja aulizwe aonyeshe kwenye ramani kiwanja atakachotulindia na njia atakayotujengea ya miguu, na asiyeweza kuonyesha asipewe kura.